Kiungulia cha Mzee Zadock

Kijiko kiligonga kikombe jikoni, polepole, kabla jogoo wa jirani yetu Opondo hajaamka. Sikuhitaji kuuliza. Zadock, mume wangu, alikuwa amesimama gizani na fulana yake ya matundu, akikoroga yale magadi ninayolainishia mboga. Alikunywa kwa mkupuo mmoja. Halafu akabeua kwa nguvu mpaka mbuzi wakajibu kutoka zizini.

"Moto umeshuka," akaniambia aliporudi kitandani.

Nikamuuliza mboga za leo zitalainishwa na nini. Akasema nizitafune hivyo hivyo, meno ninayo. Kisha akanivutia blanketi mabegani, kwa sababu anajua mgongo wangu hupata baridi alfajiri. Ndivyo alivyo Zadock. Anakuibia magadi, kisha anakufunika.

Moto huo ulikuwa umekaa naye muda mrefu. Ulianzia chini ya kifua, ukapanda mpaka kooni, na mara nyingine ulikuja na maji makali yaliyomwamsha akikohoa kama mtu aliyeanguka ziwani. Ukamharibia na sauti. Na sauti ya Zadock si kitu kidogo hapa Kisian. Yeye ndiye mshika maiki wa matanga. Hakuna mtu anayezikwa vizuri huku kwetu bila Zadock kusimama karibu na jeneza, kuwapanga wakwe, kuwakatiza wanasiasa, na kumsifu marehemu kwa mambo ambayo marehemu mwenyewe angeyashangaa. Sauti ilipoanza kukwaruza, watu walidhani analia. Sifa zake zikapanda. Walianza kumwita hata kwa watu asiowajua, maana ilisemekana yule mzee ana huruma sana.

Mimi nilijua si huruma. Nilikuwa nikimwona akila.

Jioni Zadock hali, anavamia. Samaki mzima na mchuzi wake wa pilipili na nyanya, kilima cha ugali, kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, na mkanda wa suruali umekazwa kana kwamba tumbo litatoroka. Akimaliza, anakwenda moja kwa moja kulala chali. Marehemu baba yake alimfundisha kwamba chakula ni kama saruji, kinataka mahali tambarare ili kishike vizuri. Tena kwa sababu ya magoti, alikuwa akimeza vidonge vya maumivu kutoka dukani, asubuhi na jioni, kama njugu.

Sasa nimtaje Nakhungu, maana ndiye aliyebeba mzigo wa haya yote.

Nakhungu ni mtu wa Port Victoria. Aliolewa huku, akafiwa na mume, akabaki akiuza samaki sokoni Kisian. Tulijuana wodini, siku za kuzaa. Vitanda havikutosha, tukalazwa wawili kitanda kimoja, miguu yake usoni pangu na yangu usoni pake. Mimi nilikuwa nimemzaa Walter na sikuwa na nguvu ya kuinua kichwa. Uji ulipoletwa, Nakhungu alinilisha wangu kwanza ndipo akanywa wake, ukiwa umepoa na kushika ngozi juu. Hajawahi kuutaja uji huo tena. Mimi siusahau.

Tangu hapo alikuwa akipita kwetu jioni akitoka sokoni, na ndoo kichwani, na kila mara kuna samaki amebakiza kwa ajili yetu. Jioni moja alitukuta mezani. Zadock alikuwa ameinua kichwa cha ngege kwa mikono miwili, anatafuta pa kuanzia. Nakhungu akasimama mlangoni, akamtazama samaki, akamtazama mzee, akasema, "Shemeji, kichwa hicho ni kikubwa kuliko chako. Ukikimaliza, tutakubadilishia kofia."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Zadock alikimaliza kichwa chote kwa hasira, akaongeza ugali kuonyesha kwamba hajali, akaenda kulala chali. Usiku ule moto ulimchoma kuliko siku zote.

Asubuhi alikuwa amepata jibu. Ni jicho.

Huku kwetu kuna kitu tunakiita sihoho. Inasemekana mwenye jicho hilo akikutazama ukila, chakula kinagoma tumboni, kinachoma na kukata, na mwenyewe huenda hata hajui kwamba analo. Ndiyo maana mtu mwenye adabu, akikukuta unakula, ama umkaribishe ama ageuze uso. Nakhungu hakugeuza uso. Alicheka.

Zadock alinieleza kwa utaratibu, kama anayesoma ratiba ya mazishi. Akilala matangani, alisema, haumwi hata kidogo, ingawa kule anakula nyama na maharagwe na chochote kinachopita. Akilala nyumbani, anaungua. Kwa hiyo adui yuko nyumbani. Nani mgeni wa nyumbani? Nakhungu.

Nikamkumbusha kwamba Nakhungu huja matangani pia, na kwenye mazishi ya juzi walikula sinia moja, wakigombania maini. Akafikiri kidogo. Akasema matangani marehemu humlinda.

Mwanamume akishaanza kulindwa na maiti, mwanamke hana la kumwambia.

Nakhungu alipokuja tena, Zadock alimwona kupitia dirishani. Akachukua sufuria, akaifunika sahani yake, akaweka na mkono juu ya sufuria. Nakhungu alisimama pale mlangoni akaitazama ile sufuria. Yeye si mtoto, alielewa. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba alikuwa akipita tu, akajitwika ndoo yake, akaondoka. Aliacha samaki wawili kwenye kizingiti, wamefungwa vizuri kwenye jani la mgomba.

Hakurudi. Nikimkuta sokoni ananisalimia kwa heshima, na ile heshima ndiyo iliyoniumiza, maana sisi hatukuwa watu wa heshima. Lakini mara kwa mara nilikuwa nikifika dukani kwa Simeon napewa kifurushi cha omena, wale dagaa wetu wa ziwani. Simeon hasemi kimetoka wapi, nami simuulizi. Nilijua fundo lile la kamba.

Zadock naye alitafuta dawa. Alikwenda mpaka Katito kwa mama mmoja anayetoa sihoho tumboni. Kwa kuwa ni mzee wa kanisa, alivaa kofia mpaka kwenye nyusi. Kwenye benchi la kungojea alimkuta mzee mwenzake wa kanisa, naye kofia kwenye nyusi. Walisalimiana kwa jina la Bwana na hawakuulizana kitu. Yule mama akamkanda tumbo, akalifunika kwa kitambaa, akanyonya juu ya kitambaa, akatema mwiba wa samaki, tonge la ugali na kipande cha nyama ya mbuzi. Zadock alirudi anang'aa. Nikamwambia hatujala mbuzi tangu Krismasi, huyo aliingia na mlango gani. Akasema mimi ndiyo sababu hawezi kupona.

Usiku huo alikula kusherehekea. Alfajiri nikasikia kijiko.

Halafu ikaja asubuhi ambayo hakuamka kukoroga chochote. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika kifua, jasho linamtoka, akaniambia ni moyo. Akaanza kunieleza azikwe upande gani wa nyumba, na kwamba maiki asipewe Opondo hata kidogo, maana Opondo hupenda kuhubiri. Nilimfunga viatu haraka. Nilimpigia simu mwanetu Walter, ambaye nyumba yake iko hapo hapo bomani, akaja na gari kabla sijamaliza kumvalisha baba yake shati.

Hospitalini, daktari aliyempokea alikuwa msichana anayeitwa Debra. Hakutuchelewesha. Alisema mzee wa umri ule akishika kifua, kwanza moyo uulizwe. Wakambandika nyaya kifuani, mashine ikachora vilima vyake kwenye karatasi, wakamtoa na damu. Tukangoja. Debra alimletea mwenyewe blanketi, akaninong'oneza mimi nikanywe chai, nimekauka midomo. Baadaye akarudi akasema moyo wa mzee hauna shida. Zadock alionekana kama mtu aliyeahirishiwa sherehe.

Ndipo maswali yakaanza. Chakula hukwama akimeza? Amekonda? Ametapika damu? Choo chake ni cheusi kama lami? Zadock aliyajibu yale ya kwanza vizuri, lakini kuhusu choo aliinua kidevu na kumwambia kwamba ana wajukuu. Debra akasema hongera, na choo je? Nikajibu mimi. Ni cha kawaida. Ndoa ikikaa muda mrefu, hayo mtu anayajua.

Kisha akamuuliza maumivu huja lini. Zadock akakohoa, akajinyoosha na kumpa hotuba nzima: nyumbani anaungua, matangani yuko salama, jicho la mwanamke fulani, ulinzi wa marehemu. Nilitaka ardhi inimeze. Debra hakucheka. Aliandika, halafu akauliza, "Mzee, ukiwa matangani usiku, unalala wapi?"

"Kwenye kiti. Mshika maiki halali kitandani, watu wako nje kwa moto, wanaimba."

"Na nyumbani, mchana, ukisinzia kwenye kiti baada ya chakula, unaungua?"

Zadock akafikiri. Nilimwona akitafuta njia ya kutokea na asiipate.

"Hapana," akasema.

"Basi huyo marehemu anafika mpaka sebuleni kwenu?"

Walter alitoka nje ghafla kama mtu aliyepigiwa simu. Nilisikia kicheko chake kwenye veranda.

Debra akachukua chupa ya maji mezani, akafungua kifuniko. Ikisimama, alisema, maji hayamwagiki. Akailaza kidogo, maji yakatiririka juu ya meza. Tumbo lina lango huko juu, nalo hulegea. Ukilishindilia chakula, ukalikaza kwa mkanda, halafu ukalilaza chali, yale maji makali ya tumboni hupanda mpaka kooni. Ndiyo yanayochoma kifua, ndiyo yanayoleta kikohozi, na ndiyo yaliyokwaruza sauti. Vidonge vya magoti vilikuwa vikichokoza zaidi ukuta wa tumbo. Na magadi yangu, ambayo ni kama kunywa chumvi, hayakuisaidia presha yake, iliyokuwa juu. Akataka kinyesi kipimwe kama kuna vijidudu vya tumboni. Zadock akatazama dari. Majibu yakaja kwamba hakuna.

Akampa vidonge vya kupunguza asidi, ameze kimoja kila asubuhi, nusu saa kabla ya chai. Ale kidogo, ale mapema, jua likiwa bado lipo, na asilale mpaka chakula kishuke. Vya magoti aache, atapewa aina nyingine. Akimaliza dawa arudi, na kama bado anaungua, atatumwa hospitali kubwa wamtazame ndani kwa kamera ndogo inayopita kooni. Zadock alipona nusu aliposikia habari ya kamera.

"Na kitanda," Debra akasema, "kiinueni upande wa kichwani. Wekeni matofali chini ya miguu ya kitanda, kimo cha kiganja. Msirundike mito, mito humkunja tumbo tu."

Nilikubali haraka. Tulipofika nyumbani ndipo nilipokumbuka kitanda chetu ni kitanda gani.

Walter alileta matofali siku ile ile, akayapanga vizuri mlangoni kwetu, akasimama. Hakuingia. Kwetu mtoto aliyekua hagusi kitanda cha wazazi wake. Mkwe ndiyo kabisa, mke wa Walter hata mlango wa chumba chetu hautazami. Mjukuu anaruhusiwa, lakini mjukuu aliye karibu ni Becky, ambaye bado yuko nasari na anaweza kuinua mto mmoja. Na kitanda chenyewe ni cha mvule, Zadock alikichongesha alipokuwa kijana na mwenye majivuno. Mimi mgongo sina. Yeye alijaribu peke yake, akakiinua kidogo, akabeua, akakiachia.

Wake wa majirani wangeweza kusaidia. Zadock alitaka tumwite mke wa Opondo. Nikamwambia sawa, lakini Jumapili kanisa zima litajua mzee wao analala juu ya matofali, na Opondo atalitangaza kwenye maiki. Akaiacha habari hiyo. Nikaendelea kuchambua mboga. Sikumtajia jina la mtu. Nilijua hapa Kisian yuko mwanamke mmoja anayebeba ndoo mbili za samaki kama anayebeba kofia, na ambaye aliwahi kulala nami kitanda kimoja, kwa hiyo chumba changu hakina siri kwake. Na yeye habari haisambazi.

Zadock aliamua kulala kwenye kiti. Kwa kweli alipata nafuu. Alimeza vidonge, alikula jioni mapema akilalamika kwamba anakula saa za kuku, na kijiko hakikusikika tena alfajiri. Mimi kitandani nilikuwa na nafasi ya kugeuka nitakavyo. Nilimwambia hivyo kila asubuhi, kwa furaha kubwa.

Usiku mmoja wa mvua niliamka nikamkuta amesimama mlangoni mwa chumba, na shuka begani, ananitazama.

"Mama Walter," akasema, "kile kiti hakina mtu wa kumfunika."

Nikamwambia mtu yupo huku kitandani, ila kitanda hakijiinui. Akasema basi nimwite. Hakutaja nani. Nikamwambia mimi sikumfunikia mtu yeyote sahani.

Asubuhi alivaa suti ya matanga. Nilimfuata sokoni kwa mbali kidogo, nikijifanya natafuta nyanya. Nakhungu alikuwa akiparua magamba ya mbuta. Zadock akasimama mbele ya meza yake, akakohoa, na kwa mazoea mdomo ukamponyoka: "Waombolezaji wenzangu." Wauza samaki wote wakageuka kutafuta maiti. Akaanza upya.

"Nakhungu, nilikukosea. Nilisema una jicho. Daktari ameniambia shida ni ulafi wangu na kulala chali."

Nakhungu hakuacha kuparua.

"Shemeji, hawa samaki wako wote nimewashika kwa mikono hii, nimewatazama kwa macho haya haya kabla hujawaona. Kama ningetaka kukuua ungekuwa umeshazikwa. Na nani angeshika maiki?"

"Opondo," Zadock akasema kwa huzuni.

Hapo kisu kikasimama. Nakhungu alijaribu kukaza uso, akashindwa. Zadock akaona nafasi, akamweleza habari ya kitanda. Nakhungu alimwuliza mara mbili ili wenzake wasikie: yaani yule mchawi ndiye anayeitwa chumbani? Zadock akasema ndiyo, na kama inawezekana aje kabla ya jioni. Nilinunua nyanya nisizozihitaji. Sikuona vizuri nilichokuwa nikichagua.

Alikuja jua likiwa bado juu ya ziwa. Alifunga leso kiunoni, akaingia chumbani, akakitazama kile kitanda cha mvule, akasema sasa ameelewa kwa nini nilizaa mtoto mmoja tu, nguvu zote ziliishia kukitandika. Akashika upande wa kichwani, akainua. Mimi nikasukuma tofali huku, nikasukuma tofali kule. Zadock aliagiza kutoka mlangoni, kushoto kidogo, kulia kidogo, na hakuna aliyemsikiliza. Kisha Nakhungu akamwamuru ajaribu. Akalala, akateleza taratibu kuelekea miguuni, akasimamishwa na ubao.

"Ni kizuri," akasema kutoka huko chini. "Kama mtu anashushwa kaburini na watu wenye adabu."

Tukala mapema, watatu. Nilikuwa nimepika ngege mmoja, mchuzi bila pilipili. Zadock alilegeza mkanda mwenyewe, bila kuambiwa. Sahani ilikaa wazi katikati ya meza. Akakata kichwa cha samaki, kile ambacho tangu anioe hajawahi kumpa mtu, akakiweka mbele ya Nakhungu.

Nakhungu alikitazama kwa muda mrefu, kwa makusudi, macho yote mawili. Zadock alimngoja. Kisha Nakhungu akavunja kipande cha shavu, lile tamu, akakiweka juu ya ugali wangu.

Daktari alisema Zadock atembee baada ya kula, kwa hiyo ndiye aliyemsindikiza Nakhungu mpaka barabarani, amembebea ndoo tupu. Mimi niliketi mlangoni, nikawasikia wakibishana njia nzima kuhusu nani alikula maini mengi zaidi kwenye yale matanga. Walipofika kwenye lami Zadock alimpa ndoo yake. Sauti yake ilikuwa bado inakwaruza, lakini ilinifikia.

"Nakhungu, kesho kutwa upite tena."

"Nikija nitaangalia chakula."

"Uangalie," Zadock akasema. "Wewe njoo tu, uje tena."